Je, Wajua? Mpira Uliojificha Chini ya Daraja

Je, wajua kuwa Unguja nayo hutetemeka? Jumatano ya tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili za usiku zikiwa zimepita kidogo, tetemeko lenye ukubwa wa takriban 6.0 lilipiga chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, upande wa Mafia. Lilisikika Unguja, lilisikika Mombasa, hata Nairobi. Dar es Salaam watu walishuka maghorofani na kusimama barabarani. Hapakuripotiwa madhara makubwa, na baada ya siku mbili tatu mazungumzo yakahamia mambo mengine.

Yalihama mapema mno. Sisi wa visiwani tumezoea kuyahesabu matetemeko kuwa ni habari ya bara, ya watu wa maziwa makuu na wa milima ya moto. Bonde la Ufa, hata hivyo, haliishii nchi kavu. Wanajiolojia wamefuatilia tawi lake linalopita chini ya Bahari ya Hindi, kati ya pwani yetu na Komoro, likiteremka hadi Mlango wa Msumbiji. Na sakafu ya bahari inayotuzunguka yenyewe inasimulia mivunjiko ya kale. Kati ya Unguja na Bagamoyo maji ni ya kina kifupi, sehemu kubwa hayafiki mita 50. Zama za barafu, bahari ilipopungua kwa zaidi ya mita 100, Unguja ilikuwa kipande cha bara, ndiyo maana mifupa ya pundamilia imefukuliwa katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani. Pemba ni habari nyingine. Mkondo unaoitenga na Tanga una kina cha mita 800 hivi, kwa sababu hapo ardhi ilikatika na kudidimia mamilioni ya miaka iliyopita.

Je, wajua kuwa mojawapo ya matetemeko makubwa kabisa yaliyopimwa barani Afrika katika karne ya 20 lilitokea katika nchi ambayo leo ni Tanzania? Ilikuwa tarehe 13 Desemba 1910, eneo la Rukwa, na ukubwa wake unakadiriwa kuwa 7.4. Namba hizi hazipandi kama ngazi za kawaida: kila hatua moja ni nishati mara 32 hivi. Kwa hiyo tetemeko la Rukwa lilitoa nishati zaidi ya mara 100 ya lile lililotutikisa mwaka 2020. Lakini ukubwa peke yake si kipimo cha msiba. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016 lilikuwa la 5.9 tu, dogo kidogo kuliko letu la baharini, nalo liliua watu wasiopungua 17, likabomoa maelfu ya nyumba Bukoba na vijiji vya jirani, na kuziacha shule za sekondari za Ihungo na Nyakato hazifai kusomewa. Tofauti ilikuwa umbali. Lile lilipiga karibu na watu, hili letu lilipiga mbali baharini.

Nayasema haya kwa sababu Unguja imeingia zama mpya za ujenzi. Barabara za juu zimefika Amani na Mwanakwerekwe. Kisiwa cha Uzi, ambacho miaka yote kimefikiwa kwa njia ya mawe iliyopita katikati ya mikoko na kufunikwa na maji yakijaa, Serikali ya Mapinduzi imeamua kukipatia daraja. Ng'ambo ya pili, Dar es Salaam ina Daraja la Kigamboni lenye mita 680, lililofunguliwa mwaka 2016, na Daraja la Tanzanite la mwaka 2022, linalopita kilomita moja na ushei juu ya maji ya bahari. Mwanza ina Daraja la J. P. Magufuli, kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 juu ya ziwa lilelile ambalo upande wake wa magharibi Bukoba ilitikisika. Daraja likianguka haliwapotezi waliokuwa juu yake tu. Huikata njia ya gari la wagonjwa, ya zimamoto, ya chakula na ya maji, katika saa ileile ambayo watu wanavihitaji kuliko saa nyingine yoyote.

Daraja huangukaje katika tetemeko? Wengi hudhani zege hupasuka na kumeguka, na mara nyingine ndivyo ilivyo. Mjini Kobe, Japani, alfajiri ya 17 Januari 1995, kipande cha barabara ya juu ya Hanshin chenye urefu wa mita zaidi ya 600 kililala ubavu baada ya nguzo zake kukatika. Watu zaidi ya 6,000 walifariki katika tetemeko lile. Lakini kuna njia nyingine, ya kimyakimya zaidi: nguzo inabaki imesimama, sakafu ya daraja nayo ni nzima, ila sakafu inateleza kutoka mahali ilipokalia na kuporomoka. California iliyaona hayo mwaka 1971, katika tetemeko la San Fernando, madaraja mapya kabisa yaliposhuka chini kwa sababu ukingo yaliokalia ulikuwa mwembamba. Pale pa kukalia, baina ya kichwa cha nguzo na mhimili, ndipo makala haya yalipo.

Je, wajua kuwa mhimili wa daraja la zege kwa kawaida haugusani na nguzo yake? Pita chini ya barabara ya juu yoyote, inua macho mpaka juu ya nguzo, utaona upenyo mwembamba, na ndani ya upenyo huo kitu cheusi kama tofali bapa. Ni pedi ya mpira. Mafundi huiita beringi, ingawa haina gololi wala haizunguki. Kazi yake ni ile ya kata anayojitwika mwanamke kabla ya kuweka mtungi kichwani: inapokea uzito, inausambaza, na inaruhusu kichwa kucheza bila mtungi kumwagika.

Hata pasipo na tetemeko, pedi hiyo ina kazi kila siku. Zege likipata joto hurefuka. Mita 100 za daraja, joto likipanda nyuzi 20, huongezeka urefu kwa sentimita 2 hivi. Usiku hunywea tena. Kama mhimili umefungwa kwa nguzo, nguvu ya kurefuka huko huisukuma nguzo mpaka ikapasuka. Mpira hukubali kujipinda na kurudi, mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi, bila mafuta wala mtu wa kuuhudumia.

Siri iko ndani ya pedi. Mpira una tabia ambayo watu hawaitarajii: ukigandamizwa haupungui ujazo, bali hutafuta pa kutokea, nao hutoka ubavuni. Pande nene la mpira mtupu, likitwishwa tani mia moja, hufutuka kando na kuzama. Sasa ukilifanya tabaka nyembambanyembamba na kubandika bamba la chuma kati ya kila tabaka, mpira unakosa pa kutokea. Mabamba yameushika juu na chini. Hapo pedi inakuwa ngumu mno ukiigandamiza, mamia ya mara kuliko ukiisukuma ubavuni, kwa kuwa mabamba hayauzuii mpira kulala mshazari. Ngumu kwa uzito wa malori, laini kwa mtikiso wa ardhi: kitu kimoja chenye tabia mbili, na zote mbili zinahitajika kwa wakati mmoja.

Somo hilo lilipatikana kwa vitendo. Mji wa Skopje, katika Makedonia Kaskazini ya leo, uliharibiwa na tetemeko la 26 Julai 1963 lililoua watu zaidi ya 1,000. Waswisi waliwasaidia wakazi wake kujenga shule ya msingi, iliyopewa jina la mwalimu mashuhuri wa Uswisi Heinrich Pestalozzi, nayo ilikamilika mwaka 1969 ikiwa imekalia mapande ya mpira. Linahesabiwa kuwa jengo la kwanza duniani kuwekwa juu ya mpira kwa ajili ya tetemeko. Lakini mapande yale hayakuwa na mabamba ya chuma ndani. Yalifutuka ubavuni, na miaka mingi baadaye ikabidi yabadilishwe.

Na kwa nini ulaini wa kwenda ubavuni uokoe daraja? Kila kilichosimama kina mwendo wake wa kuyumba. Daraja fupi lenye nguzo nene huyumba haraka, mara mbili au tatu kwa sekunde moja. Mitikiso mikali ya tetemeko kwenye ardhi ngumu mara nyingi ina kasi hiyohiyo. Miendo hiyo ikikutana, daraja hulipokea tetemeko na kulikuza ndani yake. Likalishwe juu ya pedi nene za mpira, mwendo unabadilika: sakafu huyumba taratibu, mara moja kwa sekunde mbili au zaidi. Ardhi inakwenda na kurudi kwa pupa, nguzo inakwenda nayo, na sakafu yenye maelfu ya tani juu yake inabaki nyuma ikisogea kwa utulivu. Nguvu inayofika kwenye nguzo hupungua mara kadhaa. Gharama yake ni mwendo: sakafu inaweza kusogea sentimita 20 au 30, kwa hiyo maungio ya barabara mwanzoni na mwishoni mwa daraja lazima yaachiwe nafasi ya kutosha, la sivyo sakafu itagonga ukuta na faida yote ipotee.

Je, wajua kuwa risasi, madini yaleyale ya betri za gari, ilikuja kulikamilisha wazo hili? Mpira mtupu una kasoro: ukishaanza kucheza hauachi upesi. Katika miaka ya 1970 mwanafizikia wa New Zealand, William Robinson, alitoboa tundu katikati ya pedi na kupachika mche wa risasi. Siku za kawaida, upepo ukivuma au lori likifunga breki, risasi hukaza na daraja halitikisiki. Tetemeko likija, risasi hukubali kukandwa huku na huku, na kila inapokandwa hugeuza nguvu ya mtikiso kuwa joto. Lenye kustaajabisha zaidi ni kwamba baada ya hapo fuwele zake hujipanga upya zenyewe katika joto la kawaida, na mche unakuwa tayari kwa tetemeko lingine. Mwaka 1978 pedi hizo ziliwekwa katika Daraja la Toetoe nchini humo, na mwaka 1981 chini ya jengo la William Clayton mjini Wellington. California ilifuata mwaka 1985, ilipozitia katika daraja la Sierra Point karibu na San Francisco.

Wengine waliacha risasi wakaurekebisha mpira wenyewe, wakiukanda na masizi na viungo vingine mpaka ukawa unameza mtikiso bila msaada. Malaysia, nchi ya mashamba makubwa ya mpira, iliutumia mpira wa namna hiyo, wa mtini, katika Daraja la Pili la Penang, lenye urefu wa kilomita 24, lililofunguliwa mwaka 2014.

Mpira wa mtini una historia na kisiwa chetu, na historia hiyo imesahauliwa kabisa. Watu wanajua karafuu, wanajua pembe za ndovu, na kwa aibu na majonzi wanajua biashara ya watumwa. Ni wachache wajuao kuwa katika robo ya mwisho ya karne ya 19 forodha ya Unguja ilipitisha mpira pia. Haukutoka kwenye mti huu wa Brazili tunaoujua leo. Ulitoka kwenye mmea wa kutambaa wa misitu ya Mrima na ya kusini, ambao wanabotania waliupa jina la Landolphia kirkii kwa heshima ya John Kirk, daktari na mpenda mimea aliyefika Zanzibar mwaka 1866 na baadaye akawa balozi wa Uingereza mbele ya Sayyid Barghash. Wakusanyaji walichanja mmea, wakaukinga utomvu, wakauviringisha mabonge ukiwa unaganda, na mabonge hayo yakapakiwa majahazini pamoja na sandarusi hadi Unguja, yakaendelea Ulaya na Marekani. Yalifaa kitu kule kwa sababu Mmarekani Charles Goodyear alikuwa amekwisha kugundua, mwaka 1839, kwamba mpira ukipikwa na kibiriti haunati tena wakati wa joto wala haukakamai wakati wa baridi. Bila ugunduzi huo kusingekuwa na tairi, wala kusingekuwa na pedi ya daraja.

Mmea wa kutambaa ulichanjwa bila huruma mpaka ukaadimika. Wajerumani wakajaribu Tanga kwa mti mwingine wa Brazili, wa jamii ya muhogo, wakapanda mashamba mapana, na mwaka 1913 bei ikaanguka kwa sababu mpira wa Asia ulikuwa bora na rahisi. Huo wa Asia ulitokana na mbegu alizozitoa Henry Wickham katika msitu wa Amazoni mwaka 1876. Mti huo baadaye ulifika kwetu pia: bara ulipandwa Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga huko Kilombero, na hapa Unguja mgeni anayepita Kichwele huziona safu za miti mirefu yenye makovu ya mshazari na vikombe vimefungwa chini yake. Wagemaji huanza kabla ya jua kupanda, kwa kuwa utomvu hutoka vizuri kukiwa na ubaridi. Mimi naona fahari kwamba kitu kinachoyashika madaraja ya Malaysia kinatiririka katika ardhi yetu, na naona uchungu kwamba kinatoka kisiwani kikiwa bado ni malighafi.

Sasa tuitazame ardhi inayoyabeba madaraja. Je, wajua kuwa Darajani, mjini Unguja, palikuwa na daraja? Anayeshuka daladala pale leo, katikati ya msongamano wa soko lililofunguliwa mwaka 1904, haoni dalili ya maji. Karne ya 19 mkono wa bahari uliingia upande huo na kuzunguka nyuma ya mji, na maji yalipojaa Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa. Kuvuka kwenda Ng'ambo kulihitaji daraja. Katika karne ya 20 mkono huo ulifukiwa kidogokidogo kwa mchanga, kifusi na taka, na barabara iliyopita kando yake ni hii tunayoiita sasa Benjamin Mkapa.

Kwa mhandisi wa matetemeko, ardhi ya aina hiyo ni jambo la kulitazama mara mbili. Mji Mkongwe wenyewe kwa sehemu kubwa umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ila pale palipofukiwa, na kote kwenye tope la mikoko kama njia ya Uzi, ardhi ni laini. Ardhi laini haitetemeki kama mwamba. Huupokea mtikiso wa haraka na kuugeuza kuwa wa taratibu na mpana, na ikiwa ni mchanga uliojaa maji huweza hata kulegea na kuwa kama uji, nguzo zikazama ndani yake.

Hapa ndipo pedi ya mpira inapoweza kugeuka kuwa hatari. Nimeeleza kuwa mpira huliokoa daraja kwa kulifanya liyumbe taratibu. Ardhi nayo ikiwa inayumba taratibu, miendo miwili tuliyoitenganisha inakutana upya. Mexico City ilijengwa juu ya tope la ziwa la kale. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilipiga pwani, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, na tope lile likacheza kwa mwendo wa sekunde mbili hivi kwa kila kwenda na kurudi. Majengo marefu yenye mwendo wa namna hiyo yalianguka, na maelfu ya watu wakafa, huku nyumba fupi za jirani na majengo magumu ya kale mengi yakibaki wima. Kwa hiyo yeyote anayetaka kuliweka daraja la Unguja juu ya mpira lazima kwanza atoboe ardhi, apime, ajue kuna nini chini mpaka kwenye mwamba. Uchunguzi wa udongo hauonekani siku ya uzinduzi na hakuna anayeukatia utepe, na kwa maoni yangu ndiyo fedha bora kuliko zote zinazotumika katika mradi wa daraja.

Bahari nayo ina neno lake. Mwaka 2004, tarehe 26 Desemba, mawimbi ya tsunami kutoka Sumatra yaliifikia pwani ya Tanzania yakiwa yamepungua nguvu, na hata hivyo watu wasiopungua 10 walipoteza maisha. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa katika bonde la mto Pangani wamekuta tabaka la mchanga wa bahari lenye mifupa ya watu ndani yake, lililoachwa na tsunami iliyopiga karibu miaka 1,000 iliyopita. Pangani inatazamana na visiwa hivi.

Huko Aceh, kisiwani Sumatra, mwaka 2004, na Japani mwaka 2011, maji yaliingia chini ya madaraja ya pwani, yakayanyanyua, yakayasukuma ubavuni, na sakafu zikachukuliwa nzimanzima huku nguzo zimesimama. Pedi ya mpira hubeba uzito unaotoka juu. Kilichokalia tu pedi hakina kinachokizuia kisinyanyuliwe. Daraja la pwani linahitaji vizuizi vya zege kando ya mihimili na minyororo au nondo za kuifunga. Mwaka huohuo wa 2011 barabara ya juu ya Sendai-Tobu ilionyesha jambo lingine: baadhi ya pedi zake, za mpira wenye mabamba ya chuma, zilichanika kwa nguvu ya tetemeko. Wajapani hawakuuacha mpira. Walirudi kwenye hesabu zao wakapitia upya jinsi sehemu mbalimbali za daraja zinavyovutana.

Na chumvi? Hili ndilo swali ambalo mtu wa pwani yeyote huliuliza, kwa sababu tumeona bati linavyokwisha na nondo zinavyovimba ndani ya zege na kulipasua. Jibu linatoka Melbourne, Australia. Mwaka 1889 mafundi wa reli waliweka vipande vya mpira wa mtini kati ya nguzo na mihimili ya njia moja ya juu. Vilipochunguzwa karibu miaka mia moja baadaye, uharibifu ulikuwa umeingia milimita moja hivi tu kutoka nje. Ndani mpira ulikuwa mzima. Mpira mnene hujikinga wenyewe: ngozi ya nje huchakaa na kuizuia hewa isifike ndani. Ndiyo maana katika pedi nzuri mabamba ya chuma hufunikwa kabisa, yasionekane hata ukingo. Ukingo wa bamba ukiwa wazi, chumvi ya Unguja haitakawia kuuona. Uingereza iliziweka pedi za mpira wenye mabamba katika Daraja la Pelham mjini Lincoln, lililofunguliwa mwaka 1958, kwa msaada wa maabara iliyogharimiwa na wakulima wa mpira wa Malaya, na tangu hapo zikaenea duniani kote.

Wapo watakaouliza kama Mji Mkongwe nao ungewekewa mpira. Imekwisha kufanyika kwingine. Mjini Salt Lake City, Marekani, jengo la mawe la serikali ya mji lililokamilika mwaka 1894 lilikatwa kutoka kwenye misingi yake na kukalishwa juu ya pedi zaidi ya 400 za mpira na risasi. Kazi ilimalizika mwaka 1989, na Machi 2020 tetemeko la 5.7 likalijaribu. Bunge la New Zealand nalo limekalishwa hivyo. Lakini majengo hayo yamesimama peke yake, yakizungukwa na mfereji mtupu wa kuyaachia nafasi ya kusogea. Nyumba za Mji Mkongwe zimeegemeana, nyingi zinachangia kuta, na vichochoro baina yake havina sentimita za kutoa. Ulinzi wake uko kwingine: chokaa badala ya saruji, paa lisilovuja, boriti za mikoko zisizoliwa na mchwa na zilizoingia vyema ukutani, na fito za chuma za kuzishika kuta pamoja. Beit el-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake kubwa tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Siku hiyo ardhi ilikuwa imetulia. Nyumba iliyochoka haihitaji tetemeko.

Rudi sasa chini ya barabara ya juu, maana pedi ya mpira ina ukarimu mmoja: inajieleza kwa macho. Ubavu wake ukiwa na vifutuko vidogo vya sawasawa, tabaka baada ya tabaka, hiyo ni hali ya kawaida. Mpira umebeba mzigo. Kifutuko kimoja kikubwa kuliko vingine ni dalili kuwa bamba limebanduka. Nyufa za kulala zenye kina, kutu inayochirizika, pedi iliyolala mshazari hata nyakati za ubaridi, au iliyotambaa kutoka mahali pake, yote hayo ni ya kumwita mhandisi. Na kuna adui mwingine wa kawaida kabisa: taka. Mchanga, majani na kifusi vilivyobaki baada ya ujenzi vikijaa juu ya kichwa cha nguzo, au maungio ya barabara yakiziba, daraja linafungwa lisisogee, na pedi iliyonunuliwa kwa fedha nyingi inakuwa haina kazi.

Ikifika siku ya kuibadilisha, mafundi hawabomoi kitu. Huweka jeki za maji pande zote mbili za pedi, juu ya kichwa cha nguzo, huziendesha kwa pamoja, na mhimili wenye mamia ya tani hunyanyuka milimita chache tu. Pedi kuukuu inavutwa nje, mpya inasukumwa ndani, mhimili unashushwa. Ila kazi hiyo inawezekana pale tu ambapo mchoraji wa daraja, tangu siku ya kwanza, aliacha juu ya nguzo nafasi ya kukalisha jeki na ngazi ya mtu kupanda kukagua. Hayo mawili yanafaa yawemo katika michoro ya daraja la Uzi na ya kila daraja litakalofuata Unguja na Pemba, kabla zege la kwanza halijamwagwa.